Bata Mkufu Anakoishi

Nyumbani, 4 Februari

Mpwa wangu mpenzi,

Kaa chini kwanza, maana ninalokuandikia halisomwi mtu akiwa amesimama. Ukishakaa, mwite na huyo bosi wako, Daktari wa ndege (mpaka leo sijaelewa, huwa anawadunga sindano au anawapima homa?), mwambie mjomba wako Kapteni amewapatia kazi.

Nyuma ya nyumba, kule kinamasini, pale penye matete ambapo mama yako ananikataza kumwaga maji machafu nami namwaga, wameingia bata. Wanane. Najua utasema bata ni bata. Hapana, mama. Wewe unawajua bata wa vitabuni. Mimi nimekaa jikoni mwa meli miaka ishirini na kitu, na hakuna bandari niliyoshuka nisiulize, "Hapa bata mnampika vipi?" Nimepika bata mweupe, bata mweusi, bata bukini, bata wa nchi za barafu mwenye mafuta kama mshumaa. Mabaharia walikuwa wananiletea bata asiye na kichwa wala miguu, nami nawaambia katoka wapi, alikuwa anakula nini na alikuwa na tabia gani. Nahodha mmoja alilia mezani. Alilia kwa utamu, si kwa kuungua ulimi, ingawa ulimi nao uliungua.

Basi hawa siwajui. Soma tena sentensi hiyo, maana hujawahi kuisikia kinywani mwangu.

Ni wadogo kuliko bata wa kufugwa. Kichwa rangi ya tofali lililoiva, na shingoni mstari mweupe mwembamba umezunguka kama mkufu wa bibi harusi. Hawapigi makelele ya bata. Wanapiga mluzi wa chini chini, kama mtu anayemwita rafiki yake ng'ambo ya barabara na hataki mkewe asikie.

Mmoja nilimnasa kwa wavu nikampika ili nimtambue, maana hiyo ndiyo njia ninayoiamini. Chumvi, kitunguu, moto mdogo. Nyama nyeusi, laini, ina harufu ya mbali ya majani mabichi. Huyu hali samaki, hilo nakuapia. Mama yako alikula paja zima akasema nimezidisha chumvi, na huo ni uzushi. Lakini hata baada ya kulamba mifupa sikumtambua. Wamebaki saba, nami nimebaki na fedheha yangu.

Dada ananiambia barua yako ya mwisho ilikuwa na machozi machozi. Kwamba kazi yako bado ya muda, na kwamba wewe na yule kijana mnayemwita Miwani mnagombea nafasi moja. Sasa futa machozi. Mwambie Daktari kuna bata ambaye Kapteni hamjui. Hiyo peke yake ni habari ya gazeti.

Mjomba wako,
Kapteni


Makumbusho, Chumba cha Ndege, 11 Februari

Mjomba, shikamoo.

Barua yako nimeisomea chooni. Ndipo mahali pekee hapa ambapo Miwani hawezi kunichungulia begani. Chumba chetu ni kirefu, hakina dirisha, kina droo za chuma kuanzia sakafuni hadi darini, na ndani ya kila droo wamelala ndege waliojazwa pamba, chali, wamefungwa kikaratasi mguuni. Nanuka dawa ya nondo mpaka kwenye nywele. Lakini ndiyo kazi ninayoitaka, Mjomba. Sina nyingine ninayoitaka.

Daktari ametuambia wazi: mwenye kuleta jambo jipya kabla ya mwisho wa Aprili ndiye atakayeajiriwa. Mwingine akatafute vumbi la kufuta kwingine.

Kwa hiyo nijibu haya. Bawa likifunguka lina rangi gani kwa juu? Kuna baka lolote? Mdomo ni wa rangi gani, na ncha yake? Jicho? Miguu, na utando kati ya vidole?

Umemla mmoja. Mjomba, umemla! Tafadhali usiwaguse tena. Wakalie mbali uwatazame.

Jambo dogo la mwisho. Nimemwambia Daktari kwamba mjomba wangu ni nahodha mstaafu. Akikuandikia, usiniangushe.

Msalimie Mama. Mwambie nitakuja, bado tu nafasi.

Mpwa wako


Nyumbani, 19 Februari

Mama,

Marahaba mpaka basi. Nahodha mstaafu! Nimeisoma sehemu hiyo kwa sauti, mama yako akacheka mpaka akashika ukuta. Mwambie Daktari kwamba nahodha anamsalimu na anamtakia bahari shwari.

Sasa kazi. Nimewakalia mbali kama ulivyoagiza. Nimekaa kando ya maji kwenye kiti cha plastiki, na ile darubini yangu yenye jicho moja zima, tangu asubuhi mpaka jua linazama, hata wapita njia wakaanza kunipa pole wakidhani nimefiwa. Bata wako wanaogelea mabawa wameyabana kama mwanamke aliyebana pochi sokoni. Nikapiga makofi waruke, wakanitazama. Nikaimba, wakasogea, jambo linaloonyesha kuwa wana akili kuliko mama yako. Nikagundua wanapenda makombo ya mkate. Sasa nikigonga sufuria kwa mwiko wanakuja mbio, kifua mbele, kama mabaharia waliosikia kengele ya chakula. Lakini bawa halifunguki kwa kubembelezwa.

Kwa hiyo nimelifungua.

Usinune kwanza. Nilirusha wavu nikitaka mmoja tu, nimkunjue bawa, nisome, nimwachie aende kusimulia wenzake. Wakaingia wawili. Mmoja alijisokota kwenye nyuzi akawa amekwisha kabla sijamfikia. Wa pili alivunjika bawa lile lile nililokuwa nalitaka. Nilimrudisha majini nikaona anazunguka tu mahali pamoja, anazunguka, anazunguka. Basi nikafanya kile ninachokijua.

Haya, andika. Bawa lina baka la kijani linalong'aa kama mgongo wa nzi, na kila upande wa baka pana mstari mweupe. Mdomo buluu ya wingu la mvua, ncha nyeusi. Jicho jekundu. Miguu rangi ya chungwa, utando mweusi. Na hili nakupa bure: mdomo ukishakufa unageuka rangi. Ule wa buluu ulikuwa kijivu hata maji hayajachemka.

Safari hii nimepunguza chumvi. Mama yako amesema hana njaa.

Wamebaki watano. Nimesaidia?

Kapteni


Makumbusho, 26 Februari

Mjomba, shikamoo.

Nilikuambia uwakalie mbali. Bata ambaye huenda hakuna mtu aliyemwona tangu Mama hajazaliwa, wewe unaniandikia habari za chumvi!

Nimeshasema, yamekwisha.

Daktari alipoona maelezo ya bawa aliinuka kitini. Huyu mzee hainuki hata waziri akiingia. Akaenda kwenye droo ya mwisho kabisa, ile inayokwama, akatoa ngozi moja ya bata iliyotafunwa na nondo, ina mkufu mweupe shingoni. Kwenye kikaratasi wameandika "bata mkufu" basi. Mahali alipopatikana hapasomeki. Tatizo ni kwamba yuko ndugu yake, bata mluzi, anayefanana naye karibu kila kitu, na huyo amejaa tele katika mabwawa ya mbali. Kuna njia moja tu ya kuwatenganisha. Dume ana kijifuko cha mfupa kooni, pale bomba la pumzi linapogawanyika. Cha bata mluzi ni kirefu kama punje ya mchele. Cha bata mkufu kinasemekana ni cha duara.

Je, koo za wale uliowapika zipo? Najua jibu. Uliwapa paka.

Mimi sikuambii ufanye chochote, Mjomba. Nakueleza tu kinachohitajika. Nakueleza pia kwamba Miwani ameandika makala ndefu kuhusu kunguru wa jalalani, na Daktari ameisifu mbele ya watu.

Mpwa wako


Nyumbani, 6 Machi

Mpwa wangu,

Umeandika vizuri sana. "Sikuambii ufanye chochote." Nilikuwa na ofisa mmoja melini aliyekuwa anasema hivyo hivyo: mimi sikuambii uamke, mpishi, nakueleza tu kwamba nahodha ana njaa. Alifika mbali yule. Nawe utafika.

Nilichagua mwenye kichwa chekundu kuliko wote nikajua ndiye dume. Nimemfungua koo: bomba jembamba, safi, halina kijifuko wala nini. Jike. Mimi, ambaye nilikuwa namtambua bata asiye na kichwa, nimedanganywa na bata mwenye kichwa! Ndipo nikakaa nikawatazama sawasawa, nikaona kwamba msimu huu madume wamevua suti zao na kuvaa nguo za wake zao. Wanatofautiana kwa sauti tu. Dume anapiga mluzi, jike anamjibu kwa chini kama mtu anayeguna usingizini. Nikasubiri mluzi. Nikampata.

Kijifuko ni cha duara. Kama njegere. Nimekuwekea ndani ya kiberiti, na chumvi.

Dada alisimama mlangoni mwa jiko wakati nafunga hicho kiberiti. Akaniambia, "Mtoto anauliza, wewe unachinja."

Nikamwambia, "Dada, hii ni sayansi."

"Basi nyama ya sayansi kula mwenyewe."

Sikuila. Nimeizika kule penye matete. Nimezika watu baharini, lakini nyama sijawahi kuizika maishani mwangu.

Wamebaki watatu, dume na majike wawili. Dume nimempa jina la Nahodha, kwa heshima yako. Bado wanakuja nikigonga sufuria. Hilo ndilo linalonikosesha raha kidogo, mama. Wanakuja.

Kapteni


Makumbusho, 13 Machi

Mjomba, shikamoo, shikamoo tena!

Ndiye! Ni bata mkufu! Daktari amenikumbatia, nami sijui kama aliwahi kumkumbatia hata mtoto wake. Hajaonekana miaka na miaka, wameshamwandika kwenye vitabu kama marehemu, na kumbe yuko nyuma ya jiko letu anakula mkate.

Ila Miwani hakulala. Alisimama kwenye kikao akasema kijifuko kwenye kiberiti kinaweza kuwa cha ndege yeyote. Akasema pia amesikia kuwa huyo nahodha wangu ni mpishi. Watu wakacheka. Nikasema ni mwongo. Nilisema nikimtazama usoni, na Daktari ameniamini mimi.

Kwa hiyo sasa nahitaji jozi. Dume na jike, wazima, wasiopungukiwa unyoya. Usitumie kisu wala wavu. Mshike chini ya mabawa, ubane kifua kwa vidole taratibu mpaka atulie. Andika rangi ya mdomo akiwa bado hai. Mfungie kwenye gazeti, kichwa umlaze ubavuni, pamba kidogo mdomoni, halafu mweke kikapuni umpe dereva wa basi.

Usiogope kwamba wataisha. Daktari anasema siku zote kuna wengine mahali fulani. Nami nimemwambia hapo nyumbani wako wengi.

Aprili si mbali.

Mpwa wako


Nyumbani, 20 Machi

Mpwa wangu,

Habari mbaya. Wameruka. Jana asubuhi nimetoka na sufuria yangu, nikagonga mpaka jirani akaja na sahani, bata hakuna. Nadhani wamesikia habari za cheo chako wakaenda kujitafutia cha kwao. Kinamasi kimebaki na vyura, na vyura ninawafahamu wote.

Kwa hiyo fanya hivi. Omba ruhusa uje mwenyewe. Mama yako amekitandika kile chumba chako, na anakitandua na kukitandika tena kila baada ya siku chache ingawa hakuna aliyekilalia. Tutakaa mimi na wewe kando ya maji, nitakusimulia ya bandarini, na wakirudi utawaona kwa macho yako wakiwa hai. Hilo hata Miwani hana jibu lake.

Kapteni


Makumbusho, 27 Machi

Mjomba,

Mama ameniandikia. Hakujua anasema nini, maskini, ni mstari mmoja katikati ya habari za mgongo wake: kwamba kila asubuhi unakwenda kulisha bata watatu, unaongea na dume mmoja kama mnakunywa pamoja.

Kwa hiyo umenidanganya. Sishangai. Nishangae nini?

Nilipokuwa darasa la nne nilisimama mbele ya wenzangu nikasema mjomba wangu ni kapteni wa meli. Mwalimu akanipigia makofi. Ukaja siku ya wazazi na lile aproni lako, ukawaambia wote jinsi unavyokaanga vitunguu vya watu arobaini. Tangu siku hiyo mpaka namaliza shule jina langu lilikuwa Sufuria. Sikuwahi kukuambia. Nakuambia leo.

Umenilea kwa hadithi, Mjomba. Hujaendesha meli. Hujaiona dunia, umeiona kupitia kidirisha cha jikoni chenye mvuke. Umejiita Kapteni, na watu wakakuita hivyo kwa kukuonea huruma. Maisha yako yote una kitu kimoja tu cha kweli ulichowahi kunipa, na sasa umekihurumia kuliko unavyonihurumia mimi. Bata! Wewe, uliyechinja bata wa dunia nzima, huruma imekuingia leo, kwa zamu yangu?

Kikapu kisipofika, Miwani ataipata kazi. Nami nitarudi hapo nyumbani. Nitakaa chumba hicho mnachonitandikia. Nitakula chakula chako kila siku na sitakusemesha neno moja, mpaka mmoja wetu azikwe. Umtazame Nahodha wako kisha unitazame mimi, uchague.

Binti wa dada yako


Nyumbani, 4 Aprili

Mpwa wangu,

Kikapu kimeondoka na basi la asubuhi. Dereva nimemwambia ni mayai, ili asikirushe.

Nimefanya kama ulivyoagiza. Niligonga sufuria, wakaja wote watatu, dume mbele. Niliwapa mkate kwanza. Nikamshika chini ya mabawa, hakupigana. Alidhani nampakata.

Mdomo wa dume ulikuwa buluu, kama nilivyokuandikia mwanzo, ncha nyeusi, na pembeni palikuwa na mstari mdogo wa manjano ambao sikuuona kwa wale wengine kwa sababu ya haraka. Mdomo wa jike umefifia zaidi. Macho ya wote wawili mekundu. Andika hivyo.

Hukuniuliza zaidi ya hapo, lakini nitakujibu hata ambayo hukuniuliza. Mimi nimechinja kuku na bata na mbuzi, nikala, nikalala nikakoroma. Kumbe kisu kina heshima yake. Kisu kina haraka, hakiwapi nafasi ya kufahamiana. Hii njia yako moyo wake unapiga kwenye kidole chako. Unapiga upesi, upesi, halafu unapunguza kama mtu anayeshuka ngazi gizani na hana hakika kama bado iko moja. Jike alipokuwa mkononi mwangu, yule mwenzake hakukimbia. Alibaki pale pale majini, kama hatua mbili tatu kutoka miguuni mwangu, anasubiri mkate.

Nikampa.

Ulisema kidirisha cha jikoni kilikuwa na mvuke. Ni kweli kabisa. Ila kila tulipokaribia bandari nilikuwa nakifuta kwa aproni.

Hilo la shule sikulijua. Nilidhani wale watoto walinipenda. Walicheka sana siku ile.

Amebaki mmoja.

Mjomba wako


Makumbusho, 28 Aprili

Mjomba wangu, nahodha wangu, shikamoo mara mia!

Nimepata! Nimepata kazi, ya kudumu, na mlango una jina langu. Daktari aliwalaza wale wawili mezani juu ya kitambaa cheupe, akaita jengo zima. Hapakuwa na unyoya uliokosekana. Alisema hajawahi kuona mkono mwepesi namna ile, nikasema ndivyo wanavyofundishwa mabaharia. Miwani wamempeleka chumba cha konokono. Nakutumia na gazeti, ukurasa wa tatu, picha yangu na jozi.

Yale niliyoandika mwezi uliopita yafute kabisa. Ilikuwa hasira. Wewe unanijua, mdomo wangu haukai kimya.

Sasa sikiliza. Tarehe ishirini Mei wanakuja wageni, mabingwa wa ndege kutoka makumbusho makubwa, watano pamoja na Daktari, na kamera zao. Wanataka kumwona akiwa hai. Nimewaambia hakuna shida, mjomba wangu akigonga sufuria bata anakuja. Huyo jike aliyebaki mtunze kama yai, usimruhusu hata paka amtazame. Nitafuatana nao, kwa hiyo mwambie Mama ajiandae kuniona!

Na Daktari anataka aya moja ya makala: bata mkufu anakoishi. Kina cha maji, aina ya majani, wanalala wapi, wanakula upande gani. Andika kwa mtindo wako tu, nitanyoosha mimi.

Mpwa wako anayekupenda


Nyumbani, 6 Mei

Kwa Mtaalamu wa Ndege, Makumbusho.

Barua yako imefika. Majibu ni haya.

Maji ni ya kimo cha goti ukingoni, katikati yanafika kifuani. Chini ni tope jeusi. Upande wa jikoni kuna matete, upande wa pili kuna majani mapana yanayoelea, na hayo ndiyo waliyokuwa wakila, mizizi yake, asubuhi na tena jua likipungua. Walikuwa wakilala juu ya maji, katikati, wameelekea upepo, mmoja macho wazi na wengine wamefumba. Kulikuwa na gogo moja walilopenda kuota jua juu yake. Waliingia wanane. Mmoja aliliwa kwa ujinga wangu. Waliobaki uliwauliza wewe na nikakujibu mimi.

Jike wa mwisho alikaa siku kadhaa. Alikuwa anaguna, ananyamaza, anageuza shingo, kisha anaguna tena. Baadaye akaanza kutoka majini na kupanda hadi uani, bila kuitwa. Alikuwa anasimama mlangoni mwa jiko. Dada alikuwa anamwekea maji kwenye beseni. Jumanne hakuja. Nimekizunguka kinamasi chote kwa mtumbwi, tete kwa tete. Sikuona unyoya wala damu. Nimeuliza majirani wote, na watu wa bwawa la juu, hakuna aliyemwona. Kwa hiyo aya yako siwezi kuimaliza. Sijui anaishi wapi. Sijui kama anaishi.

Gazeti tumelipata. Linasema ulikaa kwenye matete wiki nzima, maji kiunoni, ukiwachunguza kwa darubini. Dada amelisoma mara mbili. Hajakutia machoni miaka minne. Alilikunja akaliweka chini ya godoro lake.

Wageni waje. Siwezi kuwafukuza watu waliotoka mbali, sijalelewa hivyo. Nitawapikia, watakula na kusifu, na kitanda chako kimetandikwa. Nitawapangia viti kando ya maji, vyote vimeelekea katikati. Wakishakaa na kamera zao, wakangoja, wakachoka, wakageuka kuuliza bata yuko wapi, mimi nitakuwa jikoni nimefunga mlango.

Utawajibu wewe. Ndiyo kazi uliyoipata.

Mpishi